Usiizime Kompyuta ya Mama

Raisa mpenzi,

Nimekimbilia mjini Tampere kununua diski ya kunakilia. Supu ya samaki iko jikoni, ipashe tu. Kompyuta ya mama yako usiizime, tafadhali!

Asubuhi niliiwekea Linux, mfumo mpya wa kuiendesha, nikaiwasha upya, skrini ikawa giza tupu. Rekodi za hadithi alizotusimulia mama kabla kiharusi hakijamnyang'anya maneno zimo humo tu. ~~Nikajua nimezifuta.~~ Nikadhani nimezifuta. Venla akaniuliza, "Baba, mbona umekuwa mweupe hivyo?" Nikamfokea bure, masikini. Mbembeleze.

Halafu nikasikia kompyuta ikitoa mlio wake wa kukaribisha. Kumbe mashine ilikuwa hai, ila kadi yake ya picha ni ya zamani, haielewani na Linux. Nikaiwasha tena, nikaandika "nomodeset" kwenye mstari wa maagizo ya kuwashia, ili itumie picha za kawaida. Skrini ikawaka, maandishi makubwa kama ya kitabu cha watoto. Lakini agizo hilo sijalihifadhi. Ukizima, giza litarudi.

Nikafungua rekodi ya kwanza. Mama akacheka, akaita, "Raisa, njoo ule!"

Nikaifunga hapo hapo. Niliogopa kuisikiliza bila wewe.

Baba Venla