Katibu wa Chama cha Chai

Chuoni, 7 Machi 1953

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya asubuhi huku ng'ambo ya ziwa hainipendi. Mama anaendeleaje na mguu?

Wanafunzi tumeanzisha chama cha chai. Kila Jumamosi alasiri mmoja wetu hupika chai ya kwao na kutueleza habari zake. Selemani wa Unguja alitia iliki. Mughwai, yule Mnyaturu wa Ikungi, alipika maziwa matupu na majani, akasema maji ni ya ng'ombe. Mimi ndiye katibu.

Sasa mlezi wa bweni, Mzungu, ameniita. Anataka kila wiki nimpe nakala ya kumbukumbu zetu, pamoja na maneno ya kila mtu. Nikikataa, asema, chama kitafungwa na jina langu litaandikwa mahali pabaya. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Nathanaeli

Nduguti, 29 Machi 1953

Mwanangu Nathanaeli,

Marahaba. Huku mtama umekomaa, na mama yako anatembea na fimbo.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, kwa hiyo nivumilie nikueleze polepole. Shahidi akisema nusu, msikilizaji hujaza nusu iliyobaki kwa hofu yake mwenyewe. Ukificha maneno, mlezi atadhani mnapanga vita. Basi andika yote, hata mzaha. Akisoma atawaona vijana wanaokunywa chai, naye atachoka kusoma. Ukweli mzima haumdhuru asiye na kosa.

Mjomba wako,
Mwalimu Stefano

Chuoni, 6 Juni 1953

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi si mgonjwa, lakini silali vizuri.

Niliandika yote. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya Muriithi wa Kenya. Mama yake huchuma chai kwa walowezi, kwenye ardhi aliyolima babu yake. Alipomimina alisema, "Kunyweni jasho la mama yangu. Sukari ongezeni wenyewe." Tukacheka. Nami nikaandika.

Jumatano aliitwa ofisini. Alhamisi kitanda chake kilikuwa kitupu. Kwa maneno yale wamemrudisha Kenya chini ya ulinzi, nako kwao sasa ni hali ya hatari.

Nilidhani chama kitavunjika. Hapana. Atakayeacha ndiye atakayedhaniwa kuwa msaliti, kwa hiyo wote wanakuja. Tunakaa, tunakunywa, tunasifu majani. Nami bado napeleka nakala.

Mpwa wako,
Nathanaeli

Nduguti, 30 Juni 1953

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Barua yako nilikaa nayo siku nne.

Kosa ni langu, na lazima nilieleze. Nilidhani msomaji yule anatafuta kujua. Kumbe alikuwa anatafuta mtu. Darasani sikuwahi kuwa na msomaji wa namna hiyo.

Nilitaka kukuita urudi. Lakini mimi ndiye niliyesimama mbele ya baraza kukuombea nafasi, na wewe ndiwe wa kwanza kwenda chuo kutoka upande huu wa Mkalama. Ukirudi mikono mitupu, watasema tulijaribu, haikufaa. Klara, mdogo wako, anangoja nyuma yako. Kwa hiyo siwezi kukuita, wala siwezi kukuambia uendelee.

Limebaki moja. Waambie wenzako kwa kinywa chako, kisha uache ukatibu. Watakutenga. Ni jambo zito, lakini mtu aliyetengwa hana la kumpelekea mlezi.

Mjomba wako,
Stefano

Chuoni, 9 Agosti 1953

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hamjambo. Barua niliyompelekea Muriithi imerudi bila kufunguliwa.

Jana niliwaambia, chai ikiwa bado jikoni. Selemani akaweka chini kikombe chake kitupu. "Ndugu yangu, tulijua tangu Mei. Nani mwingine alikuwa na kalamu?"

Nikasema najiuzulu, wamchague mwingine.

"Usithubutu!" akasema Mughwai. "Ukitoka wewe, mlezi atajitafutia mwingine, nasi hatutamjua. Kaa hapo hapo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Wakacheka, Mjomba. Wakapiga kura, mikono yote ikainuka. Nimechaguliwa tena, mwaka mzima. Niliomba wanitukane, wanipige hata, nipate kutoka. Hakuna aliyeinuka kitini.

Kisha Mughwai akanijazia kikombe mpaka chai ikamwagikia kwenye sahani.

"Kunywa, Katibu," akasema. "Halafu andika kwamba tumekunywa."

Mpwa wako,
Nathanaeli