Fundo la Maji Yasiyo na Msuguano

Dada yangu Kavira,

Nakusalimu kutoka Shari, nyumbani kwa shangazi, ambako mvua hunyesha kila alasiri. Leo aliniuliza ninafundisha nini kule chuoni Bunia. Nilikoroga chai yake nikamweleza: katika maji ya hesabu zetu, yasiyo na msuguano wowote, mzunguko kama huu haukomi kamwe, na ukijisokota ukawa fundo, fundo hilo halitafunguka milele.

Mara wifi yake, yule aliyemfungia mlango siku shangazi alipokimbia vita kule Djugu, akapiga hodi uani akiwa amebeba mkungu wa ndizi. Nadhani alikuja kuomba radhi.

"Mwambie nimelala," shangazi akaninong'oneza.

"Unalala na kikombe mu mukono, wifi?" mgeni akacheka pale mlangoni.

Shangazi hakucheka. "Mutoto yetu ya université amesema fundo haiwezi funguka. Rudia kwako."

Yule mama akaweka ndizi chini, akaondoka mvuani. Ndipo niliposema jambo ambalo pengine ningeanza nalo: maji hayo hayapo popote. Maji halisi yana mnato, yaani msuguano wa ndani, na kwa ajili ya mnato huo mizunguko hukatika, huungana upya, na mafundo huachia. Hata hivyo sina hakika kwamba watu ni kama maji.

"Na ulikuwa unangojea nini kusema, weye?" shangazi akauliza, macho yake njiani.



Wakumbatie watoto, nawe ubaki na afya. Laiti ungekuwa hapa, dada. Wewe ungemkimbilia yule mama mvuani, wakati mimi nilikuwa bado naeleza.

Mdogo wako,
Masika