Wakulima wa Kaisari

Ubelgiji, 6 Oktoba 1957

Dada yangu, Yaya Kankindi,

Amani ya Bwana ikae kwenu huko Kongo, hapo Lubarika. Shemeji Venant na watoto hawajambo? Baridi ya huku inauma mpaka meno, lakini mimi ni mzima.

Nimekubaliwa, Yaya! Baada ya Kilatini na Kigiriki chote kile cha seminari, sasa nitafanya udokta wa historia ya kale. Nitaandika juu ya wakulima wa Afrika ya kaskazini, zamani za Warumi. Walilima mashamba ya Kaisari. Msimamizi akawaongezea kazi, akawapiga fimbo. Wakamwandikia Kaisari mwenyewe, na maneno yao yakachongwa juu ya jiwe. Nikiyasoma machozi yananitoka.

Uniombee.

Mdogo wako,
Sévère


Lubarika, 19 Januari 1958

Mudogo wangu Sévère,

Salamu nyingi. Minye niko muzima, watoto pia. Venant hapana.

Padiri alisoma jina lako mu kanisa, watu wakapiga makofi. Agronomu, yule muzungu wa kutulimisha pamba, naye alikuwako, akapiga. Kesho yake akaingia mu shamba letu. Venant alikuwa amepanda mihogo mu fasi ya ile pamba ya lazima, sababu watoto hawali pamba.

"Nani alikuruhusu?"

"Njaa, bwana."

Askari wake walimupiga fimbo mbele ya watoto, wakamufunga mu boloko kule Uvira.

Weye unalilia watu waliooza zamani. Lilia na huyu. Jina lako liko na uzito kwa wazungu. Andikia wakubwa wao wa huko Bulaya.

Yaya wako,
Kankindi


Ubelgiji, 2 Machi 1958

Yaya mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta na nafuu. Habari zenu zimenikata maini.

Lakini nielewe. Ni serikali inayolipia masomo yangu. Nikiandika barua hiyo, watanirudisha. Profesa wangu tayari ananitazama kwa jicho baya. Aliniambia, "Achana na fimbo, andika juu ya mahekalu." Nikishakuwa dokta, neno langu litasikika. Shemeji avumilie kidogo.

Mdogo wako,
Sévère


Lubarika, 27 Aprili 1958

Sévère,

Sikuulizi habari.

Nilienda kwa miguu mpaka Uvira, nikasimama mu jua mbele ya ofisi. Nikamwambia muzungu, "Bwana wangu iko anatema damu. Mudogo wangu anasoma kwenu, udokta." Akacheka. "Sévère? Yule ni mutoto muzuri. Yeye halalamikagi."

Halalamikagi! Nilimeza neno hilo barabara nzima mpaka nyumbani.

Walimufungulia Venant wakati hakuweza tena kusimama. Tumemuzika Jumamosi. Alivumilia kidogo, kama ulivyosema.

Kankindi


Ubelgiji, 8 Juni 1958

Yaya,

Nitakusalimuje, mimi niliyekuacha uzike peke yako?

Nimeandika. Jina la Venant, mihogo, fimbo, boloko, na lile cheko la ofisini. Gazeti moja la hapa limechapa yote. Profesa akaniita. "Umechanganya elimu na hasira zako."

Nikamjibu, "Wakulima wale nao walikuwa na hasira, bwana. Ndiyo maana tunalo jiwe la kusoma."

Akanionyesha mlango. Serikali nayo imeacha kulipa. Sina la kufanya tena huku. Mwezi ujao napanda meli, nije nikusaidie kulima.

Mdogo wako,
Sévère


Lubarika, 30 Juni 1958

Mudogo wangu,

Uko muzima? Unakula?

Agronomu wamemuhamisha, wakaleta mwingine. Pamba iko palepale. Na minye bado niko na hasira nawe, haitaisha leo wala kesho.

Lakini nani alikuita kulima? Jembe ninalo, na mikono ninayo. Ukirudi hivi, muzungu wa Uvira atasema udokta ulikushinda, na kila mutoto atakayeomba shule ataonyeshwa weye. Beba makaa, osha masahani, lala chini kwa rafiki. Tafuta profesa mwingine, na huyo akikataa, mwingine tena. Maliza kitabu cha wale wakulima, na usipunguze hata fimbo moja.

Ukipanda meli hiyo, usipite Lubarika. Watoto wa Venant sitawaambia kama mjomba wao alirudi.

Yaya wako,
Kankindi