Cheti Kimefika, Mwalimu Andrea

Shuleni, mlimani Ileje
Jumapili, baada ya ibada

Mwalimu wangu Andrea,

Barua zote ulizonifundisha kuandika zilianza kwa salamu, kisha zikasema sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu huko. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikiutazama mstari huo. Kwako hofu haipo tena. Basi naanza na upande wetu tu: hatujambo, Mwalimu. Mvua zimewahi, ulezi umeota vizuri, na shule yako haikufungwa.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza habari za watoto wangu. Mengine nitayaeleza kwa mpangilio. Hukupenda mtu anayeanza habari katikati.

Siku ile mkaguzi alipofika mara ya kwanza sijaisahau. Wewe ulikuwa ubaoni na darasa la pili, mimi msaidizi wako nilikuwa upande wa pili wa chumba hicho hicho na wadogo wa darasa la kwanza. Akakuuliza mbele ya watoto, "Mwalimu, cheti chako kiko wapi?"

Ukasema, "Sina, Bwana."

"Umefundisha miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

Akaandika. Akasema serikali haiwezi tena kuitambua shule isiyo na mwalimu mwenye cheti. Akatoa miaka miwili. Asipopatikana mwenye cheti, shule inafutwa kwenye orodha na watoto watafute pengine. Pengine penyewe tunapajua, ni mwendo wa nusu siku na mto katikati. Ukajibu, "Ndiyo, Bwana," ukageukia ubao, ukamalizia hesabu uliyokuwa umeianza. Mimi nilibana chaki kwa hasira hata ikanivunjikia mkononi. Watoto walipoondoka nilianza kusema maneno mabaya, nawe ukaninyamazisha. "Ambokile, usimkasirikie. Macho yangu yamekwisha, chuo hakitanichukua. Yeye anataka karatasi. Nenda ukailete."

Nilidhani kuileta ni kwenda tu darasani na kusoma. Kumbe kabla ya kusoma kuna masharti ya kuruhusiwa kusoma. Ulicheka sana nilipokusomea orodha ile ya chuo: cheti cha darasa la sita, barua ya mchungaji kuhusu tabia, barua ya daktari kwamba kifua ni kizima, blanketi moja, jembe moja, na tarehe ya kuzaliwa. Jembe lilipatikana siku hiyo hiyo. Tarehe ndiyo iliyotusumbua. Mama alisema nilizaliwa ulezi ukiwa umefika magotini, basi. Wewe ukaandika kwa mwandiko wako mzuri, "Haijulikani." Fomu ikarudishwa. Tukaenda kwa mchungaji, akafungua daftari la ubatizo, na kwa kuwa hapakuwa na kingine tukaandika siku niliyobatizwa. Nilibatizwa natembea na ninasema, Mwalimu! Mpaka leo serikali inaamini kwamba mimi ni mdogo kuliko mdogo wangu.

Chuoni niliwakuta vijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane. Siku ya kwanza mmoja alinipokea mzigo akidhani nimemsindikiza mwanangu. Waliniita Baba mpaka tulipoachana, nami nikazoea. Nilifaulu hesabu, nilifaulu bustani, mwandiko wa ubaoni walinisifu, na hizo ni sifa zako. Kuimba kwa noti kulinishinda kabisa. Mazoezi ya viungo niliyafanya na magoti yakilia. Na kila asubuhi mwalimu wetu wa Kiswahili alinisimamisha peke yangu niseme "barua, karatasi, ruhusa", nami nasema "balua, kalatasi, luhusa", darasa zima likifa kwa kicheko. Nilikulaumu kidogo hapo. Hayo nilijifunza kwako.

Lakini jambo nililokaa nikuandikie ni la Tunduma, kwenye mazoezi ya kufundisha.

Sharti la mwisho la cheti lilikuwa wiki nane za kufundisha katika shule ya kweli, kila somo na andalio lake: shabaha, vifaa, hatua, maswali ya mwisho. Wanne tulipelekwa Tunduma, pale mpakani, ambako lori linalokwenda Rhodesia husimama ili karani akague mizigo. Watoto wa pale ni Wanyamwanga, na wengi wana wajomba upande wa pili. Walikuja shuleni na maneno ya Kibemba waliyoyaokota barabarani, wakanifundisha mimi. Aliyetusimamia ni Mwalimu Zakaria, mtu mkavu, mwenye penseli nyekundu. Alikaa nyuma ya darasa bila kukohoa. Kanuni ya chuo aliisema siku ya kwanza: atakayekosa siku tatu, kwa sababu yoyote ile, atarudia mwaka.

Wiki ya sita ikaja barua. Aliileta dereva wa lori, imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa kama kipande cha sabuni. Ilikuwa ya Tusekile, mke wangu. Mwalimu, ilikuwa barua yake ya kwanza katika maisha yake. Herufi zote kubwa, zimesimama kama watoto kwenye mstari. Aliandika: MWALIMU AMELALA. ALISEMA USIJE. WATOTO NINAO.

Nikaisoma nimesimama barabarani. Nikaisoma tena. Kisha nikaenda kwa Mwalimu Zakaria, nikampa. Akaisoma taratibu, akavua miwani.

"Marehemu ni baba yako?"

"Ni mwalimu wangu. Ndiye aliyekuwa akinishikia shule mpaka nirudi."

"Kwenu ni mbali?"

"Siku mbili kwenda, kama sipati lori."

Akaikunja barua, akanirudishia. Halafu akasema, "Kanuni sikuiweka mimi. Siwezi kukuambia nenda, na siwezi kukuambia baki."

Nikashika njia. Nataka ujue hilo, Mwalimu. Sikuchukua hata blanketi. Nilitembea barabara ya kwetu mpaka nyumba za Tunduma zikaisha, nikapita mashamba, nikafika kwenye kilima ambako unaona milima ya kwetu kwa mbali, ya bluu. Hapo nikasimama. Nilihesabu siku: siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na wewe tayari umekwisha kuzikwa. Nikirudia mwaka, ile miaka miwili ya mkaguzi inapita na mlango unafungwa. Na ulisema nisije. Ulijua nitakuja, ndiyo maana ulisema. Nikalia pale kando ya barabara kama mtoto. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia aliacha jembe, akaja akasimama kando yangu bila kuniuliza kitu, mpaka nilipoinuka. Nikageuka, nikarudi.

Mchana ule nilikuwa na somo la kutoa. Nilisimama mbele ya darasa na andalio langu, nikasema, "Una mahindi kumi na mawili, umetoa matano..." machozi yakadondokea karatasi. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, unalia?" Sikuweza kumdanganya. Nikasema mwalimu aliyenifundisha kutoa amefariki. Kisha yule binti akauliza, "Alikufundishaje?"

Basi nikawaambia. Niliwaambia jinsi ulivyotupanga sisi wenyewe uwanjani, kumi na wawili, ukatuma watano wakajifiche migombani, ukawauliza waliobaki ni wangapi hawapo bila kuwatazama waliojificha. Niliwaambia mmoja wetu alijificha vizuri mno hata ukamtafuta mpaka wakati wa chakula. Wakacheka, nami nikacheka huku machozi yanatoka. Wakataka kucheza hivyo hivyo. Tukatoka nje. Waliojificha walikwenda mbali, mmoja nusura avuke mpaka, na kengele ikalia bado tunawatafuta.

Usiku sikulala vizuri nikiwaza penseli nyekundu. Asubuhi nikafungua daftari langu. Mwalimu Zakaria alikuwa ameandika: "Hukufuata andalio. Maswali ya mwisho hayakuulizwa. Somo lirudiwe." Hakuna kingine. Nikarudia, kwa vijiti vya kuhesabia na hatua zote, maswali ya mwisho nikayauliza mara mbili. Nikapata alama ya kawaida, si kubwa. Ila siku tuliyofunga mazoezi alinipa mkono akaushika kidogo, akasema, "Huyo mwalimu wako angefaulu." Nimekuletea maneno hayo kama alivyoyasema.

Nilifika nyumbani miezi minne baada ya wewe kuzikwa, maana baada ya mazoezi kulikuwa na mitihani. Sikupita nyumbani kwangu kwanza. Nilikuja kwako na vumbi langu la safari, nikakaa chini. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakanitoka yote. Nikang'oa majani machache. Mkeo, Mama Sofia, akaniona kutoka mlangoni, akaniita. Nilijua nastahili kukemewa. Akaniwekea ndizi na maharage, akasema, "Umechelewa. Kula." Nikala. Alipoona nimemaliza akaongeza, "Alifurahi sana ulivyokubali kwenda. Alikuwa akiwaambia watu wote mpaka wakamchoka." Hapo ndipo mzigo uliponitoka, Mwalimu.

Sasa nikueleze aliyoyafanya Tusekile. Ulimfundisha kusoma pamoja na wanawake wengine Jumapili mchana, wala hukufika mbali, maana wengi walikuwa wanawahi kuteka maji. Siku uliyozikwa watoto walikuja shuleni hivyo hivyo, hawakujua waende wapi. Wazee wakasema wakae nyumbani mpaka nirudi. Tusekile akasema shule ikikaa tupu mwezi mmoja, watoto watazoea mashamba na hawatarudi tena. Akamfunga mwanetu mgongoni, akafungua mlango. Alifundisha alichokijua. Kilipokwisha, akakirudia. Wakasoma ukurasa mmoja wa kitabu mpaka hata mbuzi waliokuwa nje nadhani wameukariri. Wakalima bustani, wakaimba. Na kila asubuhi aliita majina na kuyaweka alama kwenye daftari la mahudhurio, kama alivyokuona ukifanya.

Alhamisi iliyopita mkaguzi alirudi, yule yule. Nilikuwa nimevaa shati safi na cheti nimekifunga kwenye kitambaa. Akakitazama kwa muda mfupi kuliko nilivyotumia kukifungua. Nilikasirika kidogo, miaka miwili yote ile! Kisha akachukua daftari la mahudhurio. Hilo alilitazama. Akafungua kurasa za miezi ile minne, akapitisha kidole.

"Nani alijaza hapa?"

Tusekile alikuwa amesimama nje na wanawake wengine. Akaingia na mtoto mgongoni, hakuogopa. "Mimi, Bwana."

"Wewe ni mwalimu?"

"Hapana, Bwana. Mwalimu alikuwa hayupo."

Mkaguzi akatazama tena, akasema mistari imenyooka, na kwamba amekagua shule nyingi zenye walimu ambako daftari halina hata nusu ya majina hayo. Akaandika. Shule inabaki kwenye orodha, Mwalimu. Na mwakani, tukijenga chumba cha pili, tunaruhusiwa darasa la tatu. Wazee wamekwisha kukata mianzi, na wale wale waliosema watoto wakae nyumbani sasa wanabishana nani alete nyasi nyingi zaidi.

Nimefurahi. Naona haya kidogo kukuandikia hivyo wewe uliye chini ya udongo, lakini wewe mwenyewe hukupenda kudanganywa. Siku zipo ninapokukosa vibaya, hasa asubuhi ninapofika, nikikuta mlango umefungwa nami ndiye wa kuufungua. Mwanzoni watoto wakikosea niligeuka upande wako wa chumba nikuangalie. Sasa sigeuki sana. Nadhani ndivyo inavyotakiwa.

Nakuahidi jambo moja, nimekwisha kulizungumza na mwenyewe. Tusekile ameanza masomo ya darasa la tatu. Tunasoma nyumbani, baada ya shamba, kabla ya kupika. Anakasirika nikimwambia "rudia", ananiambia mimi si Zakaria. Nitamfikisha darasa la sita hata kama itachukua miaka minane, na siku hiyo nitamjazia fomu ya chuo mimi mwenyewe. Kama chuo hakijaanza kuchukua wanawake wenye watoto, nitaiandika tena mwaka unaofuata, na unaofuata.

Pumzika sasa, Mwalimu. Kesho ni Jumatatu, wanaanza wapya ishirini na watatu, na nusu yao hawajui neno la Kiswahili. Tusekile atawashika mkono walio nyuma, mimi nitaanza na mstari wa mbele. Tutawafundisha.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Ambokile