Saketi Iliyodunda Yenyewe

Jumatatu, 2 Machi
Karakana, Igoma. Umeme umekatika tena kabla ya chai. Nimeipa akili mnemba masharti ya saketi ya kukuza mapigo ya moyo: kelele kidogo, betri ndogo. Mimi mchoro kama huo hunichukua wiki. Yenyewe imemaliza nikiwa natafuna chapati. Kuna kapasita moja, kile kidude cha kutunza chaji, sielewi inafanya nini pale. Nimeunda, nimepima. Safi kuliko zangu zote. Sijafurahi.

Jumatano, 4 Machi
Mwenzangu Deus amepeleka kifaa cha kwanza chenye saketi hiyo kwenye zahanati moja ng'ambo ya Busisi. Sista Adela, muuguzi wa pale, ana mtoto njiti na kifaa chao kimekufa. Nilitaka kwanza niielewe ile kapasita. Deus akasema kinapima vizuri, tunangoja nini. Nikamfungia kifaa kwenye boksi. Naogopa.

Alhamisi, 5 Machi
Mchana, bati linachoma. Kifaa cha pili kiko mezani, nyaya hazijamgusa mtu. Kioo kinaonyesha moyo. Mapigo mazuri, ya mtoto. Nikakipepea, kikanyamaza. Nikakiweka juani, moyo ukarudi. Saketi ikipata joto inadunda yenyewe. Na njiti hulazwa kwenye joto.
Sista Adela hapatikani kwenye simu. Deus anawasha gari.

Ijumaa, 6 Machi
Jana niliporudi sikuweza kuandika tena.
Darajani niliwaza jeneza dogo. Tulipoingia wodini kifaa kilikuwa kinadunda vizuri kabisa. Kitanda kitupu, nyaya zinaning'inia.
Kisha nikamwona mama dirishani, mtoto kifuani ndani ya kitenge, ananyonya. Alikuwa amemtoa kitandani muda mrefu. Sista Adela, amesimama mezani kwake upande wa pili, alikuwa anatazama kioo na kuridhika. Nilipomweleza, alikaa chini.
Mama akauliza, "Kwa hiyo angekata roho, hiki kingesema yupo?"
"Ndiyo, mama."
Akamkumbatia mtoto zaidi.
Nilirudi na kifaa mapajani. Sikuthubutu kukizima. Kilidunda mpaka Usagara, Deus akasimamisha gari akachomoa betri.

Jumapili, 8 Machi
Kanisani. Mtoto wa benchi la nyuma alilia ibada nzima. Watu waliguna. Mimi nilitamani aendelee. Aliponyamaza niligeuka. Amelala. Nikatazama kifua chake mpaka kikapanda.