Mwanzilishi wa Cherehani ya Mama

Kaka,

Huku hatujambo. Mvua imenyesha, na paka amezaa juu ya vitambaa vya wateja. Tovuti ya ushonaji wa mama nimeimaliza. Kama nawatengenezea wauza mboga na vilabu vya mpira kwa bei poa, sembuse mama yangu?

Nimesoma maneno uliyotaka yakae chini ya picha yako: "Mwanzilishi na Mkurugenzi." Huna hata haya! Kifungo chenyewe hujawahi kushona! Mimi kila ninayemtengenezea tovuti humpiga picha akiwa kazini. Wewe umenitumia ya suti, umeegemea gari. Nilitaka kuifuta, mama akanikataza: "Muache, mwanangu. Akijiona humo, labda atapiga simu."

Haya, nimekuweka. Na palipoandikwa "Wasiliana nasi" nimeweka namba yako. Wateja watakupigia wakiuliza kwa nini nguo zao zimechelewa. Wajibu, mkurugenzi! Ukikosa la kusema, mpigie mama umuulize tangu lini haoni tundu la sindano.

Mdogo wako,
anayemtungia uzi