Kahawa Mfukoni mwa Askari

Jumatano, hapa Kamachumu. Mvua tangu alfajiri, migomba imelala.

Mwalimu wa ubatizo aliyenionyesha herufi anisamehe, leo naandika ovyo kwa hasira.

Mjukuu wangu Kamugisha, askari wa Serikali kule Bukoba, kaingia uani mchana kajifunga shuka. Hana tarabushi, hana mkanda, hana kaptula ya kaki. Nikadhani ni mtu wa kuomba ndizi. Nikamwambia asubiri nje.

Mtoto niliyemlea mwenyewe, asubiri nje!

"Sijafukuzwa, Bibi," akasema. "Nimesimamishwa tu, mpaka kesi isikilizwe."

Kesi gani? Alitumwa Muleba kumpelekea mzee mmoja wito wa baraza, ugomvi wa mpaka wa shamba. Mzee akampokea kama watu wanavyopokewa, akamtilia kahawa ya kutafuna kiganjani. Kamugisha akatafuna, zilizobaki akatia mfukoni. Yule anayegombana na mzee alikuwa anachungulia migombani. Akakimbia kushtaki kwamba askari kala rushwa. Bwana Inspekta akampekua, akakuta punje. Punje za kahawa! Sasa zimefungiwa kabatini kama bunduki, zinangoja kesi.

Mawe, mama yangu! Mpaka sasa nimeduwaa.

"Hukumwambia ni kahawa ya mgeni?"

"Nilimwambia. Akaniuliza, ulikwenda kama mgeni au kama askari?"

Ninachojua ni nilichomfundisha: ukikataa kahawa ya mwenye nyumba, umemwambia ana sumu.

Lakini kama hawajamhukumu, kwa nini wamemvua nguo kwanza? Kijiji kimekwisha kumhukumu. Jirani yangu Kemilembe kanicheka juu ya ua: "Leo askari wako kawa mpagazi!"

"Mpagazi huyo ndiye aliyekurudishia mbuzi wako," nikamjibu. "Kacheke na mbuzi."

Kisha nikaingia ndani, nikalia.

Basi nimekata shauri. Kesho lori la kahawa linashuka Bukoba, nami nitakuwa juu ya magunia. Nitamsalimu Bwana Inspekta kwa heshima, mbele ya askari wake wote, nimtilie kahawa kiganjani. Akitafuna, naye avue kaptula, aje tumngojee kesi yake hapa kwangu, ndizi zipo. Akikataa, atakuwa ameniita mlozi mchana kweupe.

Achague.

Kamugisha ananisihi, "Bojo, tafadhali Bibi, usiende, utaniharibia." Huenda kweli. Lakini kahawa nimekwisha kuifunga kwenye jani la mgomba.